Tulipobaki Sita

Wiki ya mahafali nilipiga pasi gauni lilelile mara tatu, kwa sababu wachezaji wenzangu walihitimu kwa mafungu: Jumatatu wa sheria, Jumatano wa biashara, Ijumaa wahandisi. Kila mara nilisimama kwenye nyasi za chuo pale Kensington, jijini Sydney, jua la Desemba likinichoma utosini, nikiwapiga picha wasichana waliovaa majoho meusi huku mikononi wameshika magongo ya hoki. Kufikia Ijumaa saa kumi jioni, wanane walikuwa wamemaliza chuo. Timu yetu ilikuwa na watu kumi na wanne. Tukabaki sita.

Nahodha wetu, binti wa wafugaji wa kondoo kutoka ndani kabisa ya nchi, alinivuta pembeni akanikabidhi begi kubwa jeusi lenye filimbi, koni za plastiki na tepu za kufungia magongo.

“Sasa ni kazi yako,” akaniambia, akanikumbatia mpaka kofia yake ya mahafali ikaanguka.

Nilidhani anazungumzia kubeba begi. Nikapanda nalo tramu, nikalifikisha nyumbani, nikaliegemeza ukutani. Nilipowasha simu nikakuta wenzangu watano waliobaki wananipongeza kwa unahodha.

Sikuwa mchezaji bora, naomba hilo lieleweke. Nilizaliwa Morogoro, na barafu niliyoijua ni ile ya kwenye vifuko aliyokuwa akiuza mama dukani, ya ukwaju na ya ubuyu. Nilipofika Sydney kusomea uhandisi wa maji, msichana niliyepanga naye nyumba alinishawishi niende kwenye mazoezi ya hoki ya barafu kwa sababu kungekuwa na piza ya bure. Nilianguka tangu mwanzo hadi mwisho, nikala vipande vinne, na wiki iliyofuata nikarudi bila kuulizia piza. Mama nilipompigia simu na kumwambia kwamba nimenunua gongo, aliuliza kwa kunong'ona nani mwingine anajua. Ilinichukua robo saa kumweleza kwamba si ile pombe ya kunywa.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Kila upande una watu sita uwanjani, mmoja wao kipa, na badala ya mpira kuna kisahani kigumu cha raba kinachoteleza kwa kasi ya kutisha. Lakini hakuna anayeweza kucheza zaidi ya dakika moja hivi bila kurudi benchi kuhema, kwa hiyo lazima wawepo wengine wa kuingia. Timu ya watu sita si timu, ni foleni ya kwenda hospitali. Na kati yetu sita, hakuna aliyekuwa kipa.

Februari chuo kilipofunguliwa, mimi na rafiki yangu wa Lidcombe, kitongoji cha magharibi mwa jiji, tulipanga meza kwenye njia wanayopita wanafunzi wapya. Rafiki yangu huyu, ambaye wazazi wake walitoka Korea, ndiye mshambuliaji wetu bora, na pia ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kula ndizi akiwa amevaa helmeti. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Tulikuwa na mwavuli, ndoo ya vinywaji, na bango tulilolichora wenyewe. Watu walikuja kuchota kinywaji, wakasoma neno “barafu”, wakacheka na kwenda zao. Kwa siku mbili tulipata wasichana saba. Wawili kati yao walidhani ni hoki ya kwenye majani, na walipogundua wamekosea waliona haya kufuta majina.

Siku ya pili mchana, mwanamke mmoja alikuja akaketi kwenye kiti changu bila kuuliza. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, amevaa kitenge cha samawati na viatu vya kazini, na ramani ya chuo ilikuwa inamlowa mkononi.

“Hii joto, mama yangu,” akajiambia.

“Pole sana, dada,” nikamjibu.

Aligeuka haraka, akanitazama kuanzia juu hadi chini, akacheka. “Kumbe unasikia Kiswahili! Munauzisha nini hapa?”

“Hatuuzi kitu, dada. Tunatafuta wachezaji wa hoki.”

Nikamweleza. Yeye naye akaniambia kwamba ametokea Uvira kule Kongo, amepita kambi ya wakimbizi miaka mingi, anakaa Auburn na mume na watoto wawili, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na mwaka huu ndiyo ameanza kusomea ustawi wa jamii. Alisoma bango letu kidole kikifuata maneno, mpaka alipofika palipoandikwa kwamba tunahitaji kipa.

“Gardien? Ile ya kusimama kwa goli?”

“Ndiyo, dada. Anazuia tu.”

“Anakimbia?”

“Hakimbii sana.”

“Basi andika jina yangu,” akasema. “Kukimbia miye nilishaimaliza.”

Nilicheka. Nilikuwa nimeshaanza kuandika ndipo nilipoelewa alichosema, nikanyanyua kichwa kumtazama. Alikuwa anakunywa soda, ametulia kabisa, miguu ameinyoosha kivulini.

Mazoezi yetu yalikuwa Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo hakuna mtu mwingine anayeitaka barafu. Kocha wetu, mzee wa Kikanada aliyestaafu kazi ya ufundi bomba, alitufundisha kwa kujitolea. Dada wa Auburn alikuja siku ya kwanza na binti yake wa miaka tisa. Mtoto alikodi viatu vya kuteleza, akaingia kwenye barafu, na baada ya dakika kumi alikuwa anazunguka kama aliyezaliwa humo. Mama yake aliingia akishikilia ukuta kwa mikono yote miwili.

“Kunja magoti, Mama!” mtoto alimpigia kelele kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, ila hakukijibu hata siku moja.

“Magoti yangu ilishakunjwa tangu asubuhi!” mama akamjibu.

Vifaa vya kipa aliyehitimu vilikuwa vimeachwa ndani ya begi lake tangu Septemba. Tulipolifungua, rafiki yangu wa Lidcombe alitoka nje ameziba pua. Dada alilifunga tena. Alivipeleka nyumbani, akavisugua kwa sabuni na ndimu, akavianika kwenye baraza lao la ghorofa ya pili: magodoro ya miguuni, ngao ya kifuani, glovu kubwa kama mito. Aliniambia kwamba jirani mmoja alibisha hodi kuuliza kama wanahama. Jumapili iliyofuata alivivaa vyote kwa mara ya kwanza, akasimama golini ameshikilia mwamba, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba nilihisi tuna timu.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Wale wawili wa hoki ya majani wakawa mabeki wazuri. Dada alianguka kila Jumapili, akainuka kila Jumapili, na kuinuka kwenyewe kulikuwa ni kazi, kwa uzito wa vile vifaa. Nilimpenda. Ndiyo maana kilichotokea Juni kinaniuma mpaka leo.

Mechi yetu ya kwanza ilikuwa dhidi ya chuo kingine cha hapahapa jijini. Sikulala vizuri wiki nzima. Nahodha wa zamani alikuwa amenitumia ujumbe wa kunitakia heri, na kila nilipousoma nilihisi kama ananikabidhi mtoto mchanga. Yeye alikuwa mkali uwanjani, akitufokea, na tulikuwa tunashinda. Nikaamua na mimi nitakuwa mkali.

Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa matano. Nilijikaza. Rafiki yangu wa Lidcombe alipokosa goli la wazi, nilimpigia kelele “Unlucky!”, yaani bahati mbaya, kama wanavyofanya wenyeji. Beki alipoteleza akaanguka peke yake, “Unlucky!” Kisha adui akaja na kisahani peke yake, na dada akabaki amesimama palepale golini mpaka kikampita pembeni. Lilikuwa la sita. Ndipo mdomo wangu ukafunguka.

“We mama! Umeganda hapo kama nguzo ya umeme! Toka huko golini! Hebu changamka!”

Uwanja mzima ulisikia sauti, lakini maneno yaliwafikia watu wawili tu. Mmoja alikuwa golini. Mwingine alikuwa jukwaani, amevaa koti la waridi, ana miaka tisa.

Dada alikitoa kisahani wavuni kwa gongo. Alimaliza mechi, tukafungwa tisa bila. Tukaingia chumba cha kubadilishia nguo. Alifungasha vifaa vyake pole pole, akafunga zipu, kisha akaja kusimama mbele yangu.

“Mudogo wangu,” akasema kwa sauti ya chini. “Wale wengine wakikosa, unawaambia ‘unlucky’. Miye nikikosa, unanigombeza mbele ya mutoto wangu. Juu ya nini? Juu miye ndiye ninasikia Kiswahili?”

Akabeba begi lake akatoka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Nilimtumia jumbe nne, zikaonekana zimesomwa, hazikujibiwa. Mechi ya pili ilikuwa inakaribia, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemfukuza kipa, kocha alisema bila ukali wowote kwamba mimi ndiye nitakayekaa golini. Tukaazima vifaa vya chuo kingine.

Sijawahi kuwa mpweke kama siku ile. Ukiwa mshambuliaji, mchezo uko mbele yako na wenzako wako pembeni. Ukiwa kipa, unaona migongo. Migongo na miguu, na kisahani kinachomoka katikati yake kikija usoni. Sikujua nitoke lini wala nirudi lini. Wakati mmoja nilitoka, nikazungukwa, nikageuka nyuma kulitazama goli tupu kama mtu aliyeacha mlango wa nyumba wazi. Tulifungwa saba, na hakuna mwenzangu hata mmoja aliyenifokea.

Tulipokuwa tunavua viatu, rafiki yangu wa Lidcombe aliuliza, “Ile siku ulimwambia nini hasa?”

Nikamtafsiria. Alivua soksi, kisha akasema, “Kwa Kiingereza huongei hivyo.”

“Kwa Kiingereza nafikiri kwanza,” nikamjibu, na ilikuwa kweli. Kiingereza nilikivaa kila asubuhi kama sare. Kiswahili kilikuwa ndicho nilichobaki nacho nikishavua, na yule dada alikuwa mtu pekee pale aliyekutana nacho. Nilimpa kibaya zaidi kwa sababu alikuwa wa karibu zaidi.

Jumamosi nikapanda treni kwenda Auburn. Karibu na stesheni kuna duka linalouza vitu vya kwetu, nikaingia ili nisiende mikono mitupu, nikatoka na pakiti mbili za dagaa. Nilipokuwa napanda ngazi za ghorofa lao, nikisikia adhana ya simu ya mtu ikilia kwenye nyumba ya chini, nilitamani kugeuka. Mtoto ndiye aliyefungua.

“Mum,” akaita kwa Kiingereza, bila kuondoa macho kwangu, “ni yule anayefoka.”

Mume wake, mtu mrefu mpole anayefanya kazi kwenye ghala, alinipa kiti. Dada alitoka jikoni akifuta mikono, akatazama zile pakiti mezani, akachukua moja akainusa.

“Hii ni ya wapi?”

“Wanasema ni ya Mwanza.”

“Haiko mubaya,” akasema. “Lakini ndagala yenyewe, hii munaita dagaa, ni ya Uvira.”

Nikasimama. “Dada, nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea heshima. Wewe ni mkubwa kwangu, na nilikufokea mbele ya mtoto wako. Kwetu mkubwa haambiwi vile.”

“Hata kwetu,” mume akasema kutoka kwenye kochi.

Dada alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akavuta kiti akaketi. “Juu ya nini haukuniita pembeni?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

Nikamwambia yote. Kwamba wale wanane walipoondoka niliachiwa timu mkononi, kwamba nilikuwa naiona inakufa, kwamba nilikuwa nahesabu magoli na kila moja nililiona ni kosa langu. Nilipomaliza nilikuwa nalia kidogo. Aliniacha nilie. Kisha akauliza:

“Kuna mutu alikufa?”

“Hapana.”

“Basi.” Akasukuma boksi la tishu kuelekea kwangu. “Na kitu kingine. Ulisema nitoke kwa goli. Nani alinifundisha kutoka? Siku ya kwanza uliniambia ‘anazuia tu’. Miye nikasimama, nikazuia.”

Nilifikiri nyuma, nikakuta ni kweli. Miezi mitatu tulikuwa tumemfundisha kuinuka, kupiga magoti, kushika kisahani kwa glovu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia wakati gani atoke amkabili adui, kwa sababu kipa wa zamani alikuwa analijua hilo tangu utotoni, na sisi tulidhani ni kitu ambacho makipa huzaliwa nacho. Dada hakuwa amewahi hata kutazama mechi nzima ya hoki.

Kwa hiyo siku ile tuliitazama. Mtoto aliweka video kwenye televisheni, nasi tukala bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, pamoja na dagaa zile za Mwanza ambazo hatimaye zilisamehewa. Kila kipa alipotoka golini mtoto alisimamisha picha, na mama yake akauliza, “Hapa ametoka juu ya nini?” Nikajibu nilivyojua. Nisipojua, tulirudisha nyuma tukatazama tena. Nilipoaga, mume aliuliza kama mipira ya tenisi inaweza kufaa kwa mazoezi.

Ilifaa. Jioni baada ya kazi alikuwa anamtupia mipira kwenye maegesho ya magari chini ya ghorofa, mkewe amevaa magodoro na glovu juu ya kitenge, goli lao likiwa milango miwili ya gereji. Nilikwenda kushuhudia mara mbili. Watoto wa majirani walikuwa wanapanga foleni kutupa na wao, na mzee mmoja wa Kituruki alikuwa anakaa barazani na chai yake, akipiga makofi kila mpira ulipodakwa.

Jumapili aliporudi uwanjani, wasichana walimpigia magongo kwenye barafu, yale makofi ya wacheza hoki. Mimi nilimwomba radhi tena, kwa Kiingereza, mbele ya wote, kwa kuwa waliona akikosewa na walistahili kuona akiombwa radhi. Alisikiliza akiwa amevaa helmeti, akaitikia kwa kichwa.

“Imeisha,” akasema. “Tucheze.”

Msimu ule tulimaliza wa mwisho. Sitaki kudanganya. Lakini tulifungwa saba, kisha manne, kisha mawili, na katika mechi ya mwisho kabla ya likizo ya Septemba tuliongoza mawili kwa moja zikiwa zimebaki sekunde chache. Adui akatoka na kisahani peke yake. Nilikuwa benchi, nimeshika ukingo kwa mikono miwili, na safari hii nilifunga mdomo. Dada alitoka. Alitoka mapema, mkubwa, ameziba kila kitu, yule msichana akababaika, akapiga, kisahani kikagonga godoro la mguu na dada akakiangukia kwa mwili mzima.

Filimbi ikalia. Hakuinuka. Mwamuzi akamwinamia akamwomba ainuke, akakataa.

“Iko hapa chini yangu!” alipaza sauti kwa Kiswahili, uso barafuni. “Waambie iko hapa! Sitoki!”

“Wameshaiona, dada!” nikamwitikia. “Inuka, tumeshinda!”

Tulikaribia kumzika kwa kumrukia. Mtoto wake alikuwa anapiga kioo cha uwanja kwa viganja vyote viwili. Kocha alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Katika chumba cha kubadilishia nguo nilipiga magoti nikamfungulia kamba za viatu, kwa sababu mgongo ulikuwa umemkatalia kuinama. Saa nane alitakiwa kuwa kazini kwenye nyumba ya wazee. Tulimbebea begi hadi kwenye gari, mimi upande mmoja na rafiki yangu wa Lidcombe upande mwingine, mume akiwa ameshawasha injini.

“Subiri,” dada akasema. “Wale wazee wangu niliwaambia ninacheza hii kitu. Kuna bibi mumoja anasema ninadanganya. Munipige picha.”

Akavaa helmeti, akasimama kando ya gari na gongo mkononi.

“Dada, na hiyo helmeti hawatakujua,” nikamwambia.

Akaivua, akaishika chini ya kwapa, nywele zimelowa, shavu moja lina alama pale helmeti ilipombana. Nikampiga tatu. Akazikagua zote, akachagua ya katikati, akaniambia nizitume zote tatu hata hivyo, kisha akapanda gari akaenda kazini.